Siku Nne za Kumwinamisha Heroe Mmoja

Picha yenyewe si kubwa kuliko kadi ya posta. Baba mdogo aliipiga mwaka 1988, enzi alipokuwa akiendesha gari la watalii, kwa kamera aliyoachiwa na mgeni mmoja wa Kijerumani, akiwa amepiga magoti kwenye ukingo wa Ziwa Nakuru ambao leo umefunikwa na maji. Heroe (flamingo) mmoja amesimama kando ya kundi, maji yakimfika juu kidogo ya vidole, shingo imejipinda kama herufi S na mdomo umeelekea kushoto. Wenzake walio nyuma ni utepe wa waridi tu, kwa kuwa lenzi haikuwashika.

Nilikuwa nikiandaa video ya dakika nane kwa ajili ya sherehe ya baba mdogo ya kutimiza miaka 70, na sikutaka picha hii ipite kwenye skrini kama zilivyopita nyingine, zikisogezwa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine huku muziki ukilia. Nilitaka heroe ainamishe shingo, aguse maji, kisha ainuke. Sekunde sita basi. Mimi huhariri video za harusi, ruracio (sherehe za mahari) na mazishi hapa Nakuru, na vitu vingi nimevifanya vikasogea kwenye skrini, hivyo nilidhani hiyo ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua siku nne, na sehemu kubwa ya siku hizo haikwenda katika kumsogeza ndege bali katika kuzuia vitu vingine visisogee naye.

Kwa wasiojua kazi hii, nieleze kidogo. Programu ya After Effects, ninayoitumia kusogeza picha, imekuwa na zana ya kikaragosi tangu mwaka 2007. Unachukua picha isiyosogea, unachomeka pini mahali unapotaka, na programu inatandika juu ya picha wavu wa pembetatu usioonekana. Ukivuta pini moja, pembetatu zilizo jirani nayo huifuata, na zile zilizo karibu na pini ambazo hukuzigusa hubaki mahali pake. Siri iko katika hesabu inayoamua kila pembetatu ibadilike kiasi gani: kila moja hujaribu kubaki na umbo lake la awali kadiri inavyowezekana, ili mvutano usambae badala ya kuraruka mahali pamoja. Njia ya kukokotoa jambo hilo kwa kasi ya kutosha, mtu akavuta umbo kwa kipanya na kuona matokeo papo hapo, ilichapishwa mwaka 2005 na Takeo Igarashi, Tomer Moscovich na John Hughes. Mimi huifikiria kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwa vigingi: hamisha kigingi kimoja, na ngozi yote italazimika kujipanga upya kati ya vile vilivyobaki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kivivu. Niliskani picha kwa nukta 600 kwa inchi, na kwa kuwa karatasi ni inchi 6 kwa 4 nikapata pikseli 3,600 kwa 2,400, ambazo zinatosha sana kwa video ya upana wa pikseli 1,920. Kisha, badala ya kumkata ndege kwanza, nikachomeka pini juu ya picha nzima. Nilipovuta kichwa kushuka, ziwa lilishuka nacho. Mstari wa maji ulibonyea kama godoro, na lile kundi la nyuma likajikunja kuelekea shingoni kwa heroe wangu kana kwamba linamnong'oneza. Programu haijui ndege ni nini. Inajua tu mpaka wa tabaka, yaani kipande cha picha, uliloipa, na kama tabaka ni mstatili wote wa picha, basi wavu utautandaza mstatili wote.

Kumkata ndege kulinimalizia jioni yote ya kwanza. Mwili na shingo havikunisumbua, lakini miguu, ambayo katika skani haizidi upana wa pikseli 20, inahitaji mkono uliotulia na zana ya kalamu, nukta baada ya nukta, picha ikiwa imekuzwa hadi huwezi kujua unachora mguu au kamba. Ukishamwondoa ndege, mahali pake panabaki tundu jeupe lenye umbo lake, nalo lazima lizibwe kwa kunakili maji ya pembeni, vinginevyo shingo ikihama utaiona shingo ya pili imebaki nyuma kama mzuka. Nikajifunza pia kwamba filamu ya zamani ina chembechembe zake, na maji niliyoyapaka kwa brashi laini yalionekana kama kiraka cha plastiki hadi nilipoyarudishia chembechembe hizo.

Siku ya pili nikaanza kuchomeka pini kwa dhati: mbili kwenye miguu, mbili mwilini, nne kwenye shingo na moja kichwani. Hapo nikakutana na tatizo ambalo wengi hulilaumu bahati mbaya, kumbe lina sababu iliyo wazi. Pale chini, shingo ya heroe iliyojipinda inakaribia sana kifua, na kati yake kuna mwanya mwembamba wa maji. Wavu hautandikwi kwa kufuata mpaka wa picha sawasawa. Hupanuliwa pikseli chache nje ya mpaka huo, na upanuzi wa upande wa shingo ulikutana na ule wa kifua, vikawa kitu kimoja. Kila nilipovuta shingo, kifua kilikuja nayo kama shati lililonaswa kwenye zipu. Nilipunguza kipimo cha upanuzi, shingo ikaachia, lakini miguu myembamba nayo ikaanza kukatika kingo kwa sababu wavu ulikuwa hauifuniki tena vizuri. Mwishowe niliyatenganisha matabaka, shingo na kichwa katika tabaka moja, mwili na miguu katika jingine, nikaficha kiungo chao chini ya manyoya ya kifuani. Wanaofanya kazi hii kwa karatasi na mkasi wangenicheka, kwa maana hivyo ndivyo walivyofanya tangu zamani: kila kiungo kipande chake.

Zipo pini za aina nyingine ambazo watu huziruka, nami nilikuwa mmojawapo. Moja kazi yake ni kuamua kipi kipite mbele na kipi kipite nyuma pale sehemu mbili za wavu uleule zinapopishana. Nyingine imepewa jina la wanga, na jina hilo lilinifurahisha, kwa sababu ni ule ule wanga tuliokuwa tukichovya kola za sare za shule ili zisimame wima hadi Ijumaa. Sehemu uliyoipaka wanga hukataa kukunjwa. Niliupaka mdomoni, kwa kuwa mdomo wa ndege ni mgumu na haupaswi kupinda hata kidogo, na kabla ya hapo ulikuwa ukijikunja kama mkia wa mjusi kila kichwa kilipogeuka.

Sasa nifike kwenye fremu kuu, ambako ndiko uhai unakoingia au unakokosekana. Video zangu hutumia fremu 25 kwa sekunde, mazoea tuliyorithi kutoka kwa mfumo wa televisheni wa PAL, unaofuatana na umeme wetu wa hezi 50. Sekunde sita basi ni fremu 150. Hakuna anayechora fremu zote 150. Unachagua nyakati chache, ambazo ndizo fremu kuu, unaiambia programu pini iwe wapi kila wakati huo ukifika, nayo hujaza zilizo katikati. Nyakati zangu zilikuwa nne: amesimama, amefika majini, angali majini, amerudi juu.

Katika zana hii, pini ikichomekwa tu, programu huiwekea fremu kuu papo hapo, pale kiashiria cha muda kilipo, bila kukuuliza. Kwa hiyo pini zote zichomekwe kiashiria kikiwa mwanzoni kabisa. Nililijua hilo, na bado nikaongeza pini ya nne ya shingo kiashiria kikiwa kwenye sekunde ya tatu, wakati ndege ameshainama. Wavu ulikuwa umeshavutwa, pini ikakaa mahali ambapo haikustahili kukaa, na heroe akaanza video akiwa na nundu shingoni. Nilitafuta kosa kwa saa nzima kabla ya kubonyeza herufi U, ambayo hufunua fremu kuu zote za tabaka, ndipo nikaiona ile moja imekaa peke yake katikati ya mstari kama mgeni asiye na kiti.

Lakini hata fremu kuu zikiwa sahihi, mwendo wa kwanza huwa wa aibu. Shingo ilishuka kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho na kusimama ghafla, kama kizuizi cha njia ya reli. Hiyo inatibika kwa kuchagua fremu kuu na kubonyeza F9, ili mwendo uanze polepole, ushike kasi, kisha upungue kabla ya kufika. Lililokuwa gumu zaidi ni jambo ambalo sikuliona hadi nilipoitazama video fremu baada ya fremu: shingo ilikuwa ikinywea katikati ya safari na kurefuka tena mwishoni, kama shingo ya kobe. Nilifikiri wavu umeharibika. Kumbe kila pini husafiri kati ya fremu kuu mbili kwa mstari ulionyooka, ilhali kichwa cha ndege halisi hushuka kwa tao, kikizunguka shina la shingo. Ukikata tao kwa mstari ulionyooka, umefupisha umbali kati ya kichwa na shina, na wavu hauna la kufanya ila kujibana. Nikaongeza fremu kuu moja katikati ya kila safari, nikakisukuma kichwa nje kidogo hadi urefu ukarudi, kisha nikapinda njia ya pini ikawa tao. Baada ya hapo nikachelewesha pini za juu fremu mbili au tatu nyuma ya zile za chini, shina la shingo likaanza kwanza, kichwa kikafuata. Ucheleweshaji huo ni mdogo kiasi kwamba mtazamaji hautambui, lakini ukiuondoa atakuambia ndege anaonekana wa mbao.

Siku ya tatu baba mdogo alikuja kutoka Njoro kuniletea picha nyingine, nami nikamwonyesha nilipofika. Nilikuwa nimeongeza jambo moja ambalo nililionea fahari: heroe alipoinama, magoti yake yalipinda kidogo, ili mwili wote ushiriki.

Aliitazama mara mbili.

"Mwanangu, huyu ndege umemvunja mguu."

"Wapi, baba mdogo?"

Akaweka kidole juu ya skrini, pale katikati ya mguu. "Hapa. Hili si goti. Hiki ni kifundo cha mguu. Goti lake liko huku juu, limefichwa ndani ya manyoya, hulioni. Wewe umekipindisha kifundo upande ambao hakipindi."

Aliwaeleza watalii jambo hilo kwa miaka zaidi ya 20, akasema, na bado kila kundi lilikuwa na mtu mmoja wa kubisha. Mguu wa heroe unaonekana kupinda kinyumenyume kwa sababu tunalinganisha kifundo chake na goti letu. Mimi nilichomeka pini mahali pa goti la binadamu na kuivuta mbele, kama vile ndege angepiga magoti kanisani. Tena, akaongeza, heroe anapokula kwenye maji ya kina kifupi hapindi miguu hata kidogo. Miguu husimama kama fito na shingo ndiyo hufanya kazi yote. Ndiyo sababu Mungu alimpa shingo ndefu hivyo.

Hakuishia hapo. "Na kichwa nacho. Umemfanya anywe kama kuku."

Nilikuwa nimekishusha kichwa mdomo ukielekea mbele na chini, jinsi kilivyokuwa kwenye picha. Heroe hali hivyo. Akifika majini hupindua kichwa, sehemu ya juu ya mdomo ikawa chini na ncha yake ikaelekea nyuma, upande wa miguu yake, kisha hupitisha maji mdomoni, ulimi ukifanya kazi ya pampu, na vichujio vilivyo kingoni mwa mdomo huzuia chakula. Aina iitwayo heroe mdogo, ambayo ndiyo iliyofanya Nakuru ijulikane duniani, hula hasa mwani wa rangi ya buluu na kijani unaoota kwenye maji ya magadi, na waridi lake hutokana na chakula hicho. Maji ya ziwa yalipopanda tangu mwanzoni mwa mwongo wa 2010, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, hususan Ziwa Bogoria. Baba mdogo huzungumzia jambo hilo kwa sauti ya mtu anayetaja majirani waliohama bila kuaga.

Akaondoka na kuniachia ndege aliyevunjika. Nilifuta pini ya goti, au tuseme ya kifundo, nikapaka miguu yote wanga na kuiwekea pini za kuishikilia juu na chini. Nilipohesabu, pini za kuzuia zilikuwa 7 na za kusogeza 5. Kwa kichwa nilihitaji aina ya pini iliyoongezwa mwaka 2018, ambayo haihami tu bali pia huzungushwa, kwa sababu pini ya kawaida inajua mahali kichwa kilipo na haijui kimeelekea wapi. Kukizungusha kiasi hicho kulikunja shingo pale nyuma ya kichwa kama bomba la mpira lililokanyagwa, hivyo nikagawa mzunguko: kidogo kwenye pini ya juu ya shingo, kingi kichwani, nikaongeza pembetatu za wavu ili mkunjo uwe laini. Kipakatalishi changu kilianza kunguruma. Umeme nao ulipotea mara moja, lakini hilo ni la kawaida nami huhifadhi kazi kila baada ya dakika tano.

Usiku wa siku ya tatu nilikuwa na heroe anayeinama kwa tao, anapindua kichwa, anabaki majini sekunde moja na nusu huku kichwa kikisogea kidogo, kisha anainuka. Ule msogeo mdogo wa kula sikuupangia fremu kuu moja moja. Zana inaruhusu kushikilia kitufe cha Ctrl na kuburuta pini huku muda ukienda, na programu hurekodi mkono wako, tetemeko na yote. Tetemeko la mkono wangu uliochoka ndilo lililokuwa zuri kuliko yote niliyopanga. Nikamtumia baba mdogo kwa WhatsApp.

Jibu lilikuja asubuhi kwa ujumbe wa sauti. "Ameinama vizuri. Miguu sawa. Lakini kivuli chake majini bado kimesimama."

Niliifungua video nikiwa bado kitandani. Ni kweli. Asubuhi ile ya 1988 maji yalikuwa yametulia, na chini ya ndege mlikuwa na taswira yake, imefifia lakini iko, miguu, mwili na ile S ya shingo. Nilipomkata ndege niliiacha taswira nyuma, ndani ya tabaka la ziwa. Kwa siku tatu nilikuwa nimemtazama ndege akiinama huku mwenzake wa majini akikataa, wala sikumwona.

Kuirekebisha kulikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba sikuiona. Nilifuta taswira ya zamani kutoka kwenye ziwa, nikayafunga matabaka yote ya ndege pamoja, nikanakili fungu hilo na kuligeuza kichwa chini kwa kuweka kipimo cha wima kuwa asilimia 100 hasi, mstari wa maji ukiwa ndio mhimili. Kwa kuwa ni nakala, kila pini ndani yake ilikwenda sawa na ya juu, na mdomo ulipogusa maji, mdomo wa chini ulipanda kuupokea pale pale. Nilipunguza nguvu ya nakala hadi asilimia 40 na kuitia mawimbi madogo yanayoanza fremu nne baada ya mdomo kugusa. Mtaalamu atasema kwamba taswira ya kweli si picha iliyogeuzwa tu, kwani maji humwona ndege kutoka chini. Nakubali, ila baba mdogo alipiga magoti, kamera ilikuwa karibu na usawa wa maji, na kutoka hapo tofauti ni ndogo mno.

Jioni ya siku ya nne alinipigia simu baada ya kuitazama. Alitaka kujua kama sasa ninaweza kumfanya aruke. Nilimweleza kwamba kwenye picha mabawa yamekunjwa, na yale manyoya meusi ambayo heroe huyaonyesha anapofungua bawa hayamo popote kwenye karatasi ile; pini huvuta kilichopo tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ana picha nyingine mbili tatu kwenye sanduku la bati, na katika mojawapo wanaruka, ingawa anakumbuka kwamba mkono wake ulitikisika.

Jumamosi nitakwenda Njoro na skana.